Mafunzo ya ulinzi wa mtoto kwa siku moja: mwongozo kwa anayeyaandaa mara ya kwanza

Umepewa kazi ya kuandaa mafunzo ya ulinzi wa mtoto shuleni, kwenye timu ya michezo, kituo cha kulelea watoto au nyumba ya ibada, na hujui uanzie wapi. Maswali ya walio katika nafasi yako ni yaleyale kila mara. Siku moja inatosha? Nani afundishe? Mshiriki akiangua kilio nifanye nini? Tuwaonyeshe picha za majeraha? (Hapana. Sababu iko hatua ya 5.) Hapa yanajibiwa kwa mpangilio wa kazi yenyewe, tangu wiki tatu kabla ya mafunzo hadi wiki sita baada yake.

Kwanza elewa mafunzo haya yanapimwa kwa kipimo gani. Mtu anaweza kukariri fasili zote za ukatili na bado akaduwaa mtoto anapomjia. Kipimo ni dakika kumi za mwanzo baada ya mtoto kumwambia mtu mzima jambo zito: je, huyo mtu mzima anajua aseme nini, aandike nini na ampigie nani? Kipindi kisichomsogeza mshiriki kuelekea hapo kipunguze bila huruma.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Sera ya ulinzi wa mtoto ya taasisi yako, hata ikiwa ya kurasa mbili. Kama haipo, ahirisha mafunzo. Ukifundisha bila sera utawaambia watu "toeni taarifa", wakuulize "kwa nani?", na hutakuwa na jibu.

Msimamizi wa ulinzi wa mtoto aliyeteuliwa kwa maandishi, pamoja na msaidizi wake. Msaidizi ni wa lazima. Kuna siku msimamizi atakuwa likizo, na kuna siku taarifa itamhusu yeye mwenyewe.

Wakufunzi wawili. Mmoja awe ameshughulikia kesi za watoto kwa mikono yake: ofisa ustawi wa jamii, polisi wa kitengo cha watoto, daktari au muuguzi wa watoto, mshauri nasaha. Wa pili aijue taasisi yako, na wakati mwenzake anafundisha yeye asome nyuso za washiriki. Mkufunzi mmoja hawezi kufanya yote mawili.

Washiriki 12 hadi 20. Wakizidi 24, igizo dhima la hatua ya 7 (washiriki wakiigiza nafasi walizopewa) linageuka vurugu na nusu ya watu hawapati zamu. Gawa makundi mawili, siku mbili.

Chumba chenye mlango unaofungwa, viti vya kusogezwa, na chumba kidogo cha pili kwa anayehitaji kutoka. Watoto wasiwe karibu. Mshiriki aliyekuja na mwanawe apangiwe siku nyingine, kwa sababu mazungumzo haya si ya kusikilizwa na mtoto kwa bahati mbaya.

Vifaa: bango kitita moja (karatasi kubwa za kuandikia zinazofunuliwa moja baada ya nyingine) na kalamu nene za rangi mbili, kadi tupu 40, visa mkasa 6 (hadithi fupi za kutunga za kujadili) vilivyochapishwa, fomu ya kuandikia wasiwasi (nakala mbili kwa kila mshiriki), karatasi ya mlolongo wa taarifa yenye majina na namba za simu, na bahasha ya kutumbukizia maswali yasiyo na jina. Projekta si lazima. Slaidi nyingi huwafanya watu wasome badala ya kufanya mazoezi.

Muda wa kufundisha ni dakika 380. Ukiongeza mapumziko mawili ya dakika 15 na saa moja ya chakula, umefika dakika 470, yaani saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni kasoro dakika kumi. Hizo kumi zitaliwa na wachelewaji.

Hatua kwa hatua

1. Mpime mkufunzi kabla ya kumwalika (wiki tatu kabla)

Cheti hakitoshi. Muulize maswali matatu: kesi yake ya karibuni ilianzia wapi na ikapita ofisi zipi, alikosea nini alipokuwa mgeni katika kazi hii, na angefanya nini mtuhumiwa akiwa ndiye aliyemwalika. Sikiliza anavyosimulia. Akitaja jina la mtoto, shule, mtaa, au akiunganisha vidokezo hadi ukaanza kubashiri ni nani, mshukuru na utafute mwingine. Asiyetunza siri mbele yako hataitunza mbele ya watu ishirini.

Mkague pia kama unavyomkagua yeyote anayekuja kufanya kazi karibu na watoto. Utaalamu haumwondolei mtu ukaguzi.

2. Fuata njia ya taarifa kwa miguu (wiki mbili kabla)

Chukua namba zote zitakazoandikwa kwenye karatasi ya mlolongo: msimamizi, msaidizi, ustawi wa jamii, polisi, hospitali, simu ya bure ya msaada kwa watoto kama ipo. Zipigie zote, mojawapo baada ya saa za kazi. Uliza anayepokea: taarifa mnaipokeaje, kwa mdomo au kwa barua? Nani yuko zamu mwishoni mwa wiki? Ni kawaida kabisa kukuta bango zuri ukutani lenye namba iliyokufa tangu mhusika alipohamishwa.

Wiki hiyohiyo chukua kifungu cha sheria ya nchi kinachosema nani analazimika kutoa taarifa na kwa muda gani. Sheria hutofautiana, kwa hiyo usinakili karatasi ya taasisi ya kwingine. Mkufunzi aje na kifungu chenyewe, si "nadhani sheria inasema".

Tazama pia orodha ya waalikwa. Mlinzi, dereva, mpishi, mfanya usafi na karani wamo? Watoto hawachagui cheo wanapotafuta wa kumwambia. Wanachagua anayewasalimu kwa jina.

3. Andika visa mkasa (wiki moja kabla)

Kila kisa kiwe na maneno 80 hadi 120 na kikomee kabla jibu halijajulikana, maana ndivyo maisha yanavyokuja. Kosa kubwa hapa ni kuchukua kesi halisi na kubadili majina tu. Kuna mtu chumbani ataitambua. Tunga upya kabisa.

Katika visa sita hakikisha vimo hivi: mtuhumiwa ni mtu anayeheshimiwa ndani ya taasisi, mtoto mwenye ulemavu anayewasiliana kwa ishara au kwa shida, mtoto anayemuumiza mtoto mwenzake, jambo linalotokea kwenye simu, mtoto asiyetunzwa, mwenye njaa na nguo zilezile kila siku, na kimoja ambacho mwishowe kina maelezo yasiyo na ubaya. Hicho cha mwisho ndicho kinachowafundisha watu kwamba kutoa taarifa si kumhukumu mtu. Changanya jinsia pia. Ukiandika visa vyote vya wasichana na wanaume, washiriki wataondoka wakiamini wavulana hawaguswi na wanawake hawatendi.

4. Fungua chumba, kisha aina za ukatili (dakika 30, kisha 40)

Kabla ya kitu kingine, mkufunzi aseme mambo matatu kwa maneno ya wazi. Kwamba katika kundi lolote la watu wazima huenda wamo waliopitia haya utotoni, na hakuna atakayeombwa kusimulia. Kwamba yeyote anaweza kutoka bila kuomba ruhusa wala kueleza, na mkufunzi wa pili atamfuata kumjulia hali. Na kwamba yanayosemwa hapa ni siri, isipokuwa likitajwa jambo linaloonyesha kuna mtoto yuko hatarini sasa; hilo litatolewa taarifa. La tatu lisemwe mapema, kwa sababu ukilisema baada ya mtu kufunguka atahisi umemtega.

Weka sheria moja tu ya kudumu: hakuna majina ya watu halisi.

Nadharia ni fupi. Mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Ndivyo unavyosema Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 katika ibara ya 1, isipokuwa pale sheria ya nchi inapoweka utu uzima mapema zaidi. Ibara ya 19 ya mkataba huohuo inazitaka nchi zimlinde dhidi ya kila aina ya ukatili na kutotunzwa. Aina ni nne: wa kimwili, wa kihisia, wa kingono, na utelekezaji. Zibandike kwenye kuta nne, gawa kadi zenye matukio mafupi, washiriki wasimame kila mmoja anapoona kadi yake inafaa. Kadi nyingi zitafaa kuta mbili au tatu, na huo ndio mjadala unaoutaka. Usiendeshe mjadala wa fasili kamili. Anayetoa taarifa hahitaji kujua tukio linaitwaje kisheria.

5. Dalili (dakika 45)

Usionyeshe picha za majeraha. Zinaumiza waliopitia, zinawavutia wengine kwa namna isiyofaa, na zinawafanya watu wadhani ukatili ni yale mabaya kupita kiasi tu. Chora mwili wa mtoto, mbele na nyuma, kwenye bango kitita. Waambie washiriki waweke alama za bluu mahali watoto wanapojigonga wakicheza, na nyekundu mahali panapotia shaka.

Mkufunzi asahihishe hivi. Goti, muundi na paji la uso ni sehemu za mifupa iliyojitokeza, na mtoto anayekimbia huvilia damu hapo mara kwa mara. Sikio, shingo, kiwiliwili, makalio na mapaja kwa ndani hakujigongi kirahisi. Alama yenye umbo la kitu (mkanda, waya, vidole, ncha ya sigara) itolewe taarifa. Mtoto mchanga asiyetambaa wala kujishikilia akiwa na mvilio popote mwilini, toa taarifa siku hiyohiyo, maana hawezi kujiumiza namna hiyo. Na mtu asikudanganye kwamba rangi ya mvilio inaonyesha una siku ngapi, rangi haitegemeki.

Kisha geukia tabia, ambako neno la kushika ni *badiliko*. Mtoto mkimya si dalili. Mtoto mchangamfu aliyenyamaza ghafla ni jambo la kuandika. Vivyo hivyo kukojoa kitandani kulikorudi baada ya kukoma, kuogopa mtu au mahali fulani, kujua mambo ya kingono kupita umri, zawadi zisizo na maelezo, kukawia kurudi nyumbani, kuficha mikono siku ya joto.

Onyo la kurudia mara mbili: watoto wengi waliofanyiwa ukatili wa kingono hawana alama yoyote mwilini, na uchunguzi wa daktari mara nyingi haukuti kitu. Kukosekana kwa alama hakumfanyi mtoto kuwa mwongo.

6. Mnyanyasaji anavyojenga njia (dakika 40)

Kikulacho ki nguoni mwako. Mara nyingi anayemdhuru mtoto ni mtu anayemjua na kumwamini, wala si mgeni wa vichakani. Eleza mwendo wake kwa ufupi: anamtafuta mtoto mwenye pengo (mpweke, mwenye uhitaji, asiyefuatiliwa), anaziba lile pengo kwa zawadi au usikivu, anatengeneza siri ndogo zisizo na madhara, anamtenga na wengine, anajaribu mipaka kidogokidogo kwa utani au mguso, kisha anamnyamazisha kwa vitisho au kwa kumfanya aone aibu. Wakati huohuo anawalainisha watu wazima: ndiye anayejitolea kila mara, ndiye anayesifiwa na wazazi. Simuni mwendo ni uleule ila kasi ni kubwa zaidi, na siri huanza kwa kumwambia mtoto wahamie programu nyingine ya kuchati.

Gawa kanuni za maadili za taasisi kwa makundi, kila kundi lioneshe kanuni fulani inakata hatua ipi. "Usimpe mtoto mmoja lifti peke yake" inakata kutengwa. "Usichati na mtoto nje ya kundi rasmi" inakata siri. Hapo ndipo wale walioziona kanuni kuwa usumbufu wanaanza kuzielewa.

7. Kumsikiliza mtoto anaposimulia (dakika 90)

Hiki ndicho kipindi cha siku. Kisiwekwe mara baada ya chakula, na kisikatwe kwa sababu yoyote.

Panga vikundi vya watatu: mmoja mtoto, mmoja msikilizaji, mmoja mtazamaji. Mtoto anaigizwa na mtu mzima siku zote, na nafasi hiyo asipewe mtu kwa lazima. Kadi yake iwe na sentensi tatu tu, mfano: "Sitaki kwenda mazoezini tena. Kocha ananifanyia mambo. Usimwambie mama." Igizo ni dakika tano, maoni ya mtazamaji dakika tatu, kisha badilishaneni hadi kila mmoja apite nafasi zote. Likiisha, kila aliyeigiza ataje jina lake halisi na ahame kiti. Linaonekana dogo, ila humtoa mtu kwenye igizo.

Msikilizaji afanye haya:

Akae usawa wa macho ya mtoto, asimguse, uso utulie. Mtoto anausoma uso wako kabla ya maneno. Ukishtuka anarudisha nusu ya habari.

Aseme: "Nimekusikia. Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako."

Aulize maswali yaliyo wazi, machache: "Niambie kilichotokea." "Nieleze zaidi kuhusu hapo." "Kisha ikawaje?" Baada ya swali anyamaze na kuhesabu kumi moyoni. Wasikilizaji wengi hushindwa kwenye ukimya huu na kujaza maneno yao.

Asiulize "kwa nini", kwa sababu mtoto husikia lawama: kwa nini ulikwenda, kwa nini hukupiga kelele. Wala asimwekee jibu mdomoni: "Ni kocha aliyekushika hapa, sivyo?" Mtoto anaweza kukubali ili kumridhisha mkubwa, na baadaye mahakamani maneno hayo yatasemwa ni ya mtu mzima.

Asiahidi siri. Hapa ndipo igizo huvunjika karibu kila mara, "mtoto" anapoomba asisemewe. Fundisha jibu lenyewe, walitamke kwa sauti: "Siwezi kulinyamazia hili kwa sababu nataka uwe salama. Nitamwambia mtu ambaye kazi yake ni kusaidia, na nitakwambia ni nani."

Aache kuuliza akishajua mambo manne: nini, nani, lini na wapi kwa muhtasari, na kama mtoto yuko salama usiku wa leo. Mengine ni ya wachunguzi. Mtoto asirudishwe kumsimulia mwalimu mkuu, halafu katibu, halafu mzazi. Kila marudio humuumiza na huiharibu kesi.

Malizia kipindi kwa dharura. Kama ukatili wa kingono umetokea karibuni, hospitali kwanza. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Kinga ya dharura ya mimba hutumika hadi saa 120. Ikiwezekana mtoto asioge wala kubadili nguo kabla ya uchunguzi; zikivuliwa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Hata akiwa ameshaoga, apelekwe.

8. Kuandika (dakika 45)

Kila mshiriki aijaze fomu kutokana na igizo alilotoka kulifanya, wakati kumbukumbu bado mbichi. Fomu iwe na tarehe na saa ya tukio na ya kuandika, mahali, waliokuwepo, maneno ya mtoto, ulichokiona kwa macho, ulichofanya, uliyemwarifu na saa ngapi, jina na sahihi.

Maneno ya mtoto yaandikwe kama alivyoyasema, kwa lugha aliyotumia, hata jina la sehemu ya mwili liwe la kitoto. Usilitafsiri kuwa la kitabibu. Ulichokiona ukitenge na unachodhani. Bandika mfano huu ukutani:

Vibaya: "Mtoto alionekana kanyanyaswa na baba yake ambaye ni mlevi."

Vizuri: "Saa 2:15 asubuhi niliona mistari mitatu myekundu nyuma ya mguu wa kulia, kila mmoja kama urefu wa kidole. Nilisema: 'Nieleze kuhusu mguu wako.' Akasema: 'Baba na ule waya.'"

Andika kwa wino. Ukikosea piga mstari mmoja uandike mbele yake, usifute. Iandikwe siku hiyohiyo. Na usipige picha ya mwili wa mtoto kwa simu yako, hata kwa nia njema: picha hiyo itabaki kwenye simu, itajihifadhi mtandaoni, na utakuwa na jambo gumu sana kulieleza. Tumia mchoro wa mwili ulio kwenye fomu.

9. Mlolongo wa taarifa (dakika 30)

Chora mishale kwenye bango kitita: aliyeona au kusikia, msimamizi, kisha ustawi wa jamii au polisi. Hatari ya papo kwa papo inatolewa taarifa palepale. Mengine siku hiyohiyo, isizidi saa 24, au chini ya hapo kama sheria ya nchi inataka.

Kisha wape njia za mchepuko. Taarifa ikimhusu msimamizi, nenda kwa msaidizi. Ikimhusu mkuu wa taasisi, nenda kwa bodi au moja kwa moja nje. Ikimhusu mzazi, usimpigie mzazi kwanza. Mtuhumiwa asihojiwe na mfanyakazi "apate nafasi ya kujieleza", kwa kuwa atapata nafasi ya kumtisha mtoto na kufuta simu yake. Na hakuna kusuluhisha kesi hizi kikao cha faragha na familia, fidia ikalipwa, mambo yakaisha. Mkufunzi mzoefu atatumia dakika zake nyingi hapo, na afanye hivyo.

Mwisho wa kipindi kila mshiriki aingize namba ya msimamizi kwenye simu yake, chumbani humohumo.

10. Kutembea eneo, kisha kufunga (dakika 40, kisha 20)

Wapeleke watembee jengo kwa dakika 15 wakitafuta mahali mtu mzima anaweza kubaki na mtoto bila kuonekana: stoo, ofisi isiyo na kioo mlangoni, choo kinachotumiwa na wakubwa kwa wadogo, nyuma ya ukumbi, gari. Wakirudi waandike marekebisho matatu, jina la mhusika na tarehe. Marekebisho yasiyo na jina la mtu hayafanyiki.

Funga kwa karatasi ya maswali manane. La kwanza liwe jina na namba ya msimamizi. Anayekosa hilo hajafaulu hata akipata mengine saba. Jibu maswali yaliyomo kwenye bahasha, kisha wakufunzi wabaki chumbani nusu saa. Baadhi ya watu husubiri wenzao waondoke ndipo waseme.

11. Baada ya wiki sita

Wapigie simu washiriki watano, wasimulie kisa kifupi, uliza wangefanya nini. Kagua yale marekebisho. Tunza orodha ya mahudhurio; utaombwa siku ambayo hukuitarajia. Mafunzo ya kukumbushia yawe kila mwaka, na mfanyakazi mpya asiachwe peke yake na watoto kabla hajapita angalau hatua ya 7 hadi ya 9.

Mambo yakienda mrama

*Mshiriki anaanza kusimulia yaliyompata utotoni mbele ya wote.* Usimkatize kwa ukali wala usimwache aendelee. Mshukuru, tangaza mapumziko ya dakika tano, mkufunzi wa pili aende naye chumba kidogo. Uwe na jina la mshauri nasaha tayari. Akitaja mnyanyasaji ambaye bado anaishi na watoto, mkumbushe kwa upole lile jambo la tatu la ufunguzi.

*Mtu anasema watoto husingizia.* Usibishane naye kuhusu watoto. Mwambie kwamba anayetoa taarifa hapimi ukweli; wapo wanaolipwa kuupima. Kisha rudi kwenye kisa kile chenye maelezo yasiyo na ubaya.

*Mjadala wa viboko umeteka chumba.* Utatokea, na ukiuachia utakula saa nzima. Soma sera na kifungu cha sheria, sema kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa hapa kazini, maswali yaende kwenye bahasha.

*Mkuu amefungua mafunzo kisha ameondoka.* Washiriki wameshaelewa kwamba jambo hili si la wakubwa. Mpange aendeshe hatua ya 9 yeye mwenyewe. Atalazimika kubaki, na atalazimika kuusoma mlolongo.

*Mtu ametaja kesi halisi kwa jina.* Simamisha, rudia sheria, zungumza naye pembeni mapumzikoni. Kama haijatolewa taarifa, inatolewa leo.

*Muda umekwisha.* Kata aina za ukatili zibaki dakika 15, na dalili ziwe 30. Hatua ya 7, 8 na 9 haziguswi.

*Baada ya mafunzo taarifa zimeongezeka na uongozi umetaharuki.* Ongezeko hilo lilitarajiwa; mambo yalikuwepo, watu hawakuwa na pa kuyapeleka. Msimamizi awe na daftari lenye kufuli: tarehe, hatua iliyochukuliwa, nani anafuatilia, lini. Akizidiwa, msaidizi aanze kupokea siku alizopangiwa.

*Miezi sita imepita bila taarifa hata moja.* Mahali penye watoto wengi, hiyo si habari njema. Nenda getini umuulize mlinzi jina la msimamizi wa ulinzi wa mtoto. Akiligugumia, ipigie namba iliyo ukutani uone kama inapokelewa, kisha panga upya hatua ya 9.